Kabla Sijalipia Mashine ya Fotokopi

Twaha, katalogi nyingi, zifunge, pima kwa kamba;
Usinisifie rangi, wala kasi ya kutamba.
Hata iwe ya shilingi laki mbili, ya kupamba,
Haipiti Mkomani, punda akishaibeba.

Wateja waleta cheti cha mtoto kuzaliwa;
Famau kaleta hati, na mchwa imeshaliwa.
Chumvi imekula bati; rola itasamehewa?
Wino wake upo Lamu, au ni hadi Mombasa?

Ile ndogo ya kijivu, iwashe hapa, nione.
Hati ya mama, chakavu, mstari wake wa nne,
Jina limebaki kovu: ikilitoa, tunene.
Punda nimeshamkodi; yuko nje, ashanuna.