Mpira wa Akiba

Saa tisa mchana, Manyatta, Kisumu,
upepo wa ziwa huamka.
Hugonga mabati ya Atemba fundi viatu,
hupindua mwavuli wangu wa kijani,
hubeba risiti hadi mtaroni.
Huo siupimi. Huo nauzuia kwa jiwe.

Ninaoupima umo simuni:
mshale mdogo, na namba.
Tangu asubuhi ni kumi, ni kumi na mbili, toka kushoto.
Nacheza gofu na jamaa wa Lisboni;
picha yake ni mbwa aliyevaa miwani.
Hatujawahi kusalimiana. Namjua kwa mikwaju yake:
akiwa na haraka hukosea kulia.

Sheria ni moja, na ni kali:
mpira huchaguliwa kwanza, upepo hutajwa baadaye.

Mipira ya bure haina adabu.
Unaupiga kaskazini, upepo unauita, nao unaitika
kama mtoto aliyesikia kengele ya muuza aiskrimu.
Nimejifunza kulenga vibaya makusudi:
vidole viwili kushoto,
kimoja zaidi kama utapaa sana,
kisha naomba.

Ule mzito, wenye mistari ya zambarau,
upepo huugusa na kuomba radhi.
Ninao mmoja. Niliununua Desemba, shilingi mia na hamsini,
siku ambayo hesabu ya floti ilipungua elfu mbili
nikaona basi, siku imeshaharibika.
Ukizama majini haurudi.
Kwa hivyo haujawahi kutoka mfukoni.

Mama alikuwa na vikombe sita vya maua
kabatini, nyuma ya kioo. Vya wageni.
Akiba haiozi, alisema, nasi tukanywea vya plastiki.
Siku ya kumzika vilikuwa bado sita,
na wageni mia nne wakanywea vya kukodi.

Haiozi, kweli.
Lakini pia haichezi.

Shimo la mwisho, ng'ambo ya maji. Tuko sawa.
Nikauchagua. Kidole kilitetemeka
kana kwamba nabonyeza namba ya siri ya mtu mwingine.
"Dada, nataka kutoa mia tatu."
Subiri, Mwalimu Obura. Subiri kidogo.

Ndipo namba ikatokea: moja.

Moja! Bendera imelala kama nguo iliyosahaulika kambani.
Siku hiyo hata yai lingevuka.
Mpira wangu wa Desemba ukapita juu ya maji, umenyooka kama uzi,
ukatua hatua mbili toka shimoni.
Wa Lisboni, wa bure, mweupe,
ukaja ukalala kando yake.
Sare.

Nikacheka peke yangu. Mwalimu akadhani namcheka yeye.

Namhesabia noti tatu za mia.
Moja inaponyoka, inapaa, inakata kona kwa Atemba,
naye anaikimbilia, koti likipepea,
pale ilipo,
si pale itakapokuwa.