Mkopo wa Paja

Kila anayeliona kovu huniuliza timu.
"Ulikuwa namba ngapi? Beki?"
Sijawahi kuvaa jezi.
Nilikuwa mtu wa magunia,
ghala la tatu, Mtwara, Novemba ya korosho,
ubao wa lori umelowa manyunyu.
Mguu ukabaki. Paja likageuka.
Katikati yao kitu kikasema ko,
kama korosho inapobanguliwa,
na Mkwanda aliyekuwa nyuma yangu akatazama chini
akidhani nimekanyaga ganda.

Daktari Chinguile hakutafuta maneno makubwa.
Alivua kamba ya kiatu chake,
akaishika mshazari kati ya ngumi mbili.
"Hii ilizuia muundi usichomoke mbele ya paja.
Imekatika, na haiungiki,
imebaki nyuzi, kama mkonge uliotafunwa na mbuzi."
Kisha akanibonyeza nyuma ya goti,
pale panapokaza ukivuta kisigino:
kamba mbili ngumu, upande wa ndani,
nilizozikalia miaka thelathini na moja
bila hata siku moja kuzijulia hali.
"Hizi ni breki zako. Ukikimbia
muundi unarushwa mbele kama jiwe la teo,
hizi zinauambia: basi, rudi.
Nitachukua moja niipeleke penye pengo."

Na huko nyuma patabaki nini?
Akarudishia kamba ya kiatu, tundu kwa tundu.
"Deni," akasema.

Mama alishuka na basi la Kitangari,
furushi la ukindu kwapani,
akasuka ukili kwenye benchi la wodi tangu asubuhi.
Alipoambiwa kano itakunjwa mara nne,
ishonwe ncha, ivutwe mpaka ikome kulegea,
ndipo ipenyezwe katika matundu mawili ya mfupa,
hakulia kama dada yangu. Aliuliza:
"Mtakuwa mmeilowesha?"
Maana ukindu mkavu hukatikia kwenye kunjo.
Muuguzi akacheka. Daktari hakucheka.
"Tunaifunika kwa kitambaa kibichi, mama."
"Haya," akasema Bi Somoe. "Mkateni."

Sikulala. Ganzi ilinikata kiunoni,
juu nikabaki masikio matupu.
Keekee ikaimba ndani ya mfupa
na mimi nikahesabu magunia ya mjomba Likwata
yaliyouzwa mnada wa pili ili keekee iimbe.

Ajabu yake, mbele hapakuuma sana.
Nyuma ndiko kulikodai.
Usiku paja lilijikunja na kunguruma
kama mbwa aliyenyang'anywa mfupa wake
akapewa jirani.
Mwezi wa nne Asumini wa mazoezi
alinilaza kifudifudi, kiganja chake juu ya kisigino:
"Vuta."
Nikavuta. Kiganja cha msichana mwembamba
kikanishinda mimi, mbeba kilo themanini.

Yeye ndiye aliyenipa habari za mjusi.
Kano iliyong'olewa, anasema, mara nyingi huota upya,
kama mkia.
Si ule ule. Hujishika mahali pengine, juu kidogo,
na si kila mtu humwotea.
Nikapapasa nyuma ya goti siku hiyo nzima,
hata sokoni, watu wakinitazama.

Sasa niko kwenye mizani, naandika uzito wa wengine.
Mkwanda ananiita karani wa goti.
Ubao wa lori naupita kwa mbali,
na ukilowa nazunguka.

Jana alasiri nilitandika mkeka wa mama.
Kusujudu nilikwishaweza.
Kuketi ndiko bado:
kisigino na kitako havijaonana tangu Novemba.
Nikashuka taratibu, nikapima kwa mkono.
Kati yao vilipita vidole viwili.
Juzi vilipita vitatu.