Shuka la Mmbone

Alilitoa kwa sharti moja: lisirudi na doa.
Tukaliwamba kati ya mipera miwili
pembeni mwa msitu, Ikuywa.
Karabai ikavuma. Walitangulia mende,
wageni wanaoijua saa ya chakula,
kisha kumbikumbi,
kisha nondo wakubwa wenye macho mabawani.
Mtafiti hakuwajali.

"Namtaka mdogo," alisema, "rangi ya chai iliyomwagika,
akifunga mbawa huwa na umbo la kengele.
Amenaswa mara moja tu, dume,
kabla sijazaliwa. Yumo sandukuni, kachomwa sindano.
Jike halijulikani. Kiwavi hajulikani.
Anachokula, hakijulikani."

Mimi mbeba taa, nalipwa kwa usiku. Nikanyamaza.
Ila tangu nichunge ng'ombe wa kukhu yangu Rasoa
vidole hivi vimefungua majani ya mpera
yaliyokunjwa kama sigara yake ya kienyeji,
yakashonwa kwa uzi usiouona
mpaka uukate.
Ndani, kidudu cha kijani, kichwa cheusi.
Ukimgusa anarudi kinyumenyume,
anajitupa nje, ananing'inia,
anangoja uchoke.
Anakula kuta za nyumba anayolala.
"Mfungie mlango," kukhu alinikaripia.
"Hata wewe, mvua ikinyesha, hupendi kuchunguliwa."

Saa tisa usiku mtafiti akasinzia, daftari kifuani.
Ndipo alipotua.
Si kwenye mwanga. Chini, kwenye pindo,
juu ya kiraka alichotia Mmbone mwaka ule wa njaa.
Chai iliyomwagika. Kengele.
Chupa ilikuwa mkononi mwangu, kizibo mkono wa pili,
na mikono yote miwili ikasahau kazi yake.
Alitembea kidogo, akatulia, akatetemesha tumbo,
akaenda zake gizani kwenye mipera.

Sikumwamsha mtu.

Asubuhi Mmbone akaanika shuka, akalikagua
kama karani wa benki akaguavyo noti.
"Nilisema doa!"
Kwenye kiraka: magamba kama ya omena,
madogo kuliko nukta, yamepangwa moja juu ya jingine
kama mabati ya paa.
Ukucha wake ukanyanyuka kuyabandua.
"Usifue," nikasema. "Usiguse."
"Mpaka lini?"
Nikayatazama mayai.
Sijui, Mmbone.
Hakuna aliyewahi kujua.