Rangi ya Pili

Kiwandani kwetu Kaloleni, nyekundu ni rangi ya pili.
Karatasi hupita kwanza kwa nyeusi, siku zote sawa,
Jumatatu haiizidi Jumanne kwa cheo.
Kisha tunaosha rola kwa mafuta ya taa,
tunamimina wino mzito kama rojo ya nyanya,
na karatasi inarudi kuchaguliwa wakubwa wake.

Mwaka huu kampuni moja ya kupandisha watu mlimani
imeagiza kalenda elfu mbili
zenye sikukuu za kila nchi wanakotoka wageni wake.
"Wateja wajisikie nyumbani," alisema Bwana Kivuyo,
akaacha nusu ya malipo na orodha iliyochapwa ovyo.
Msahihishaji ni mimi. Nimekaa na kalamu, chai ya tangawizi,
na dunia nzima mlangoni inaomba wekundu.

Wafaransa, Julai kumi na nne: walivamia jela.
Ndani, nimesoma, walikuwamo wafungwa saba.
Saba! Karandinga moja la hapa hubeba zaidi.
Wahindi, Agosti, saa sita ya usiku.
Wahaiti, Januari mosi: wanakunywa supu ya maboga,
ile waliyowapikia mabwana zao
bila ruhusa ya kuonja.
Hapo niliweka kalamu chini.
Uhuru unaoliwa kwa kijiko.

Na sisi je? Saba Saba, chama kilipozaliwa,
leo ni siku ya mabanda na sufuria zilizopunguzwa bei.
Nane Nane, ya mkulima,
ambaye siku hiyo hushuka hadi Njiro
kumtazama ng'ombe aliyeshiba kuliko yeye.
Idi tunazitia kinyota, na chini, kwa herufi za chungu:
*kutegemea mwandamo wa mwezi.*
Ni hapo tu, mwaka mzima,
kalenda inapokiri kuwa haijui.

Lomayani, fundi wa mashine, aligusa Februari tano
kwa kidole kisichotakata tangu ujana wake.
"Hii ilikuwa nyekundu. Niliipitisha mimi."
Azimio lilipitishwa hapa hapa,
ukitupa jiwe dirishani utashtakiwa na makumbusho.
Tulipumzika siku hiyo miaka na miaka.
Kisha ukaja waraka,
na mwaka uliofuata ikapita mara moja tu, nyeusi,
watoto wakaenda shule.
"Ulijisikiaje?"
"Wino ulibaki kidogo," alisema.

Mwisho wa orodha, Wareno. Juni kumi.
Ndiyo siku aliyokufa mshairi wao.
Ya kuzaliwa kwake hakuna aliyeiandika,
taifa zima likashika ile iliyopatikana.

Basi nikamkumbuka bibi yangu Nasieku, kule Ilboru.
Jina lake lasema aliwahi kufika.
Kuwahi kwa lini, hakuna ajuaye:
nzige walikuwa wameondoka, au walikuwa njiani.
Karani wa vitambulisho, mwenye foleni hadi barabarani,
alimpa Januari mosi
kama muuza duka anavyokupa pipi badala ya chenji.
Bibi hakubisha. Aliuliza tu kama inalipiwa.
Hajui kwamba alfajiri hiyo, kisiwani kwa watu,
maboga yanachemka.

Jioni niliomba karatasi moja zaidi.
Wekundu ulikuwa umeteleza kidogo kulia,
kila sikukuu ina kivuli chake.
Kwa kalamu ya kusahihishia niliandika pembeni mwa Januari,
kisha pembeni mwa Machi, kisha Oktoba, kwa kuwa sikuwa na hakika:
*Nasieku. Kutegemea mwandamo wa mwezi.*

Lomayani aliitazama juu ya miwani yake.
"Hiyo imeharibika, haiuziki."
Nikasema ndiyo, imeharibika,
nikaizungusha, nikaifunga kwa uzi,
nikawahi kupanda mlima kabla hajalala.