Usikimbie Kwanza

Saa saba za usiku, umeme umerudi Kadutu.
Friji ya jirani inakohoa, nami naingia,
simu imefungwa kwa mpira kwenye chaja isiyoshika vizuri.
Nimebakiwa na mega mia mbili na kidogo.

Wageni wote huangukia pale pale:
lango la mashariki, chini ya taa ya kijani,
mikono mitupu, nguo za kijivu walizopewa bure.
Hakuna anayewaambia kwamba kulia kuna shimo,
kwamba muuza mikuki anapokea shaba, si fedha,
kwamba wale wanaowasalimia kwa furaha
wanawapimia shingo.

Mimi nilikufa hapo mara kumi na moja.
Nilihesabu. Ya kumi na mbili mtu aliandika:
"Wee kijivu. Usikimbie kwanza.
Simama, tazama kivuli changu.
Nikigeuka, geuka."
Jina lake Sambaza Saba. Joho la dhahabu, kofia ya pembe.
Alinivusha daraja, akanionyesha kisima
kisichoandikwa kwenye ramani yoyote,
akaondoka kabla sijajua kushukuru kunabonyezwa wapi.

Ndiyo maana nakaa langoni.
Nshokano ananicheka: ngazi ya tisini,
na bado unalinda mlango kama sentineli wa benki!
Acheke. Mtu akishakufa mara kumi na moja mahali pamoja
anakuwa na shamba pale.

Sasa usiku huu
joho la dhahabu linaingia.
Sambaza Saba. Miezi mitano sijamwona.
Naruka, napiga ngoma zote nilizonunua,
naye
anatembea moja kwa moja hadi ukutani.
Anausukuma ukuta.
Anarudi hatua moja, anausukuma tena.

Nacheka. Nadhani ni mchezo ndani ya mchezo.
Kisha naona anaelekea kulia, shimoni,
taratibu, kama mtu anayevuka sebule gizani.
"Simama!" naandika. Haandiki.
Kipaza sauti kinakwaruza, na sauti ya mama mtu mzima:
"Mimi sijue kuandika humu. Ni wewe unaruka-ruka?"

"Ni mimi, mama."

"Simu ni ya Chubaka. Aliiachaka,
kule Shabunda kwenye dhahabu hakuna rezo.
Nilikuwa namugombeza kila usiku:
unaendaga wapi na macho wazi?
Nikasema leo niende, nione."

Nyuma ya maneno yake mvua inaanza juu ya mabati.
Pumzi mbili, na mvua ile ile iko juu ya mabati yangu.
Siulizi avenyu. Chubaka hakuniambia, nami sikumuuliza,
hata jina lake nimelijua sasa hivi.

"Mama, usikimbie kwanza.
Simama, tazama kivuli changu.
Nikigeuka, geuka."

Tunachukua nusu saa kuvuka daraja la dakika mbili.
Anasalimia kila mtu, hata wapima shingo,
na mmoja, sijui kwa nini, anashusha upanga.
Anaanguka mara mbili. Anauliza kama inauma.
Anauliza nani anafagia huku kote.

Kisimani anasimama kimya.
Maji ya humu hupoteza sauti mega zikipungua,
yanatetemeka tu, vipande vipande, buluu.

"Ni hapa alikuwa anakujaka?"

"Hapa."

"Kufanya nini?"

Natafuta jibu. Zimebaki mega tisa.
"Alikuwa anasubiri watu wasiojua njia."

Mvua kwake, mvua kwangu.

"Basi nionyeshe tena ile ya kugeuka," anasema.
"Kuna mtoto wa nguo ya kijivu pale nyuma,
anatufuata tangu mlangoni."