Bolti ya Nne

Machi, Skellefteå, Jumamosi bila upepo.
Theluji imerudi nyuma hadi kivulini mwa gereji
na barabara imebaki nyeupe
kwa chumvi waliyoimwaga tangu Novemba.
Nimelala chali juu ya boksi la friji lililokunjuliwa,
chini ya Volvo ya mwaka themanini na sita,
na taa ya kichwani inanionyesha
mambo ambayo gari halimwonyeshi mpita njia.

Mkaguzi aliandika neno moja kwenye karatasi: bampa.
Hakusema la mbele au la nyuma. Hakukuwa na haja.
La nyuma limelegea upande wa kulia
kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Kitabu cha gari kinasema:
fungua bolti nne, kisha vuta bampa kwako.
Aliyekiandika hakuwahi kuishi na chumvi.

Ya kwanza ilitoka kwa adabu,
ikalia kidogo, ikaja.
Ya pili ilitaka mafuta. Nikaipulizia,
nikaenda kula mkate, nikarudi, nikaipulizia tena,
nikaibembeleza kwa lugha nisiyotumia kwa wanangu.
Ya tatu ilikatika kichwa.

Bolti ikikatika kichwa husemi kitu.
Unaitazama spana.
Unaitazama tena,
kana kwamba ndiyo iliyosema uongo.

Kikulacho ki nguoni mwako,
na gari nalo lina nguo zake: rangi, lami ya chini,
plastiki iliyong'arishwa kila Mei;
na humo ndani kutu inakula,
bila kijiko, bila kunawa, mwaka hadi mwaka.

Algot wa nyumba ya pili akaja
na chupa ya chai yenye kahawa, na ushauri.
"Gunvor, ipashe moto."
Nimeipasha.
"Igonge."
Nimeigonga.
"Basi ikaze kwanza kidogo, ndipo uilegeze."
Hilo sikuwa nimelifanya. Nikalifanya.
Lilikuwa neno la maana, likashindwa vilevile.

Kisiki cha ile ya tatu nikakimaliza kwa grainda.
Ikabaki ya nne.

Nikavika spana bomba la mita moja na nusu,
nikaning'inia kwa uzito wangu wote
na miaka yangu hamsini na mitatu juu yake.
Gari zima likainama.
Bolti, hata salamu.

Ndipo nikachukua brashi ya waya, nikasugua
matope, lami, kutu, tena lami,
mpaka chuma kikatoka uchi,
nikaona: hii haikushikwa na kutu.
Imechomelewa.
Mshono wenyewe mnene, wenye mabonge,
kama uji uliofurika ukagandia sufuriani.

Mwandiko huo naujua.
Ni wangu.

Mwaka wa kwanza wa chuo cha ufundi,
baba alirudi nyuma akaingia nguzo ya posta,
akanikabidhi kofia ya kioo cheusi, akasema: haya, fundi.
Nilipomaliza alipitisha kidole juu ya mshono
haujapoa.
Akakitia kidole mdomoni.
Akakitoa ili aseme:
"Hii haitoki mpaka gari lizikwe."

Nikawasha grainda.
Nikaizima, nikafuta miwani ambayo haikuwa chafu.
Nikaiwasha.

Cheche zikaruka hadi kwenye theluji, zikazimika moja moja
kwa sauti ya mtu anayenyamazisha mtoto.
Ilichukua dakika kumi na tisa.
Nyuma ya bampa palikuwa na ukanda wa samawati,
rangi ile ile ya dukani, ambayo jua halijaigusa,
na kiota cha panya kilichohamwa.

Algot akainama akatazama kovu.
"Fundi gani mjinga alichomelea hivi?"

Nikamwambia kazi yenyewe imedumu miaka thelathini na saba,
na sasa anishikie upande wa kushoto,
taratibu,
tusilikwaruze.