Hatua Mia na Arobaini

Hati inasema: kuanzia mlango wa mnara wa taa,
hatua mia na arobaini kuelekea magharibi,
hadi mkorosho wenye alama ya panga.
Mkorosho ulikatwa mwaka wa lami.
Mlango wa mnara, waheshimiwa, uko chini ya maji.

Mimi ni mpima ardhi. Nimevuka na pantoni hadi Kigamboni
na mashine ya miguu mitatu na kijana wa kushika fimbo.
Majirani wawili wanagombea upana wa choo,
kila mmoja na wakili wake, kivulini
mwa ukuta ambao ndio ugomvi wenyewe.

Wakamleta Bi. Chausiku, binti Mwinshehe Pongwa,
aliyezaliwa mle mnarani, taa ikizunguka;
ndiyo asili ya jina, akasema,
ingawa usiku ule mama hakuuona usiku.

Hakuulizwa, akaendelea.
Baba alipanda ngazi sitini na tatu, debe la mafuta begani.
Ya arobaini anapumzika, anakohoa, anasonga.
Kioo alikifuta kwa kanga kuukuu ya mama,
maandishi yamechujuka, limebaki neno moja: *usiseme*.
Mwaka wa vita wakamwamuru azime.
Akazima. Akakaa gizani akihesabu
moja hadi kumi na mbili, moja hadi kumi na mbili,
mapigo ya mwanga usiokuwapo,
ili siku ya kuwasha asipoteze mahadhi.

Bahari haikuja kwa kishindo.
Ilikuja kama mdai mwenye adabu:
kwanza banda la kuku, kisha jiko,
kisha kisima kikaanza kutoa chai yenye chumvi.
Serikali ikaleta boya la taa ya jua, kubwa kama sufuria ya harusi.
Vyuma vikaenda kwenye mizani ya chakavu.
Kioo, wengine wanasema kiko hotelini, kimewekewa maua.
Na alfajiri moja, mwanangu, nimetoka na ndoo,
nikaona anga imeongezeka.

Mlango ulikuwa wapi, mama?

Akavua kandambili, akazipanga pamoja kama msikitini.
Maji yalikuwa yamepwa. Akaenda,
magotini, mapajani, kiunoni,
akasimama. Akapapasa hewa kidogo upande wa kulia.
Kisha akainua mguu juu, juu sana,
kama mtu anayevuka kizingiti,
akageuka kutuangalia.
"Hapa."

Wakili mmoja akapaza sauti: hatua za nani?
"Za baba," likaja jibu juu ya maji. "Alikuwa mfupi."

Nikapima. Hatua za mtu mfupi
ziliishia mchangani, mbali na ukuta,
mahali pasipo na mwenyewe, penye ganda la kaa na kifuniko cha soda.
Kwenye ripoti, mbele ya *alama ya rejea*, nikaandika:
Bi. Chausiku Mwinshehe, maji kiunoni.

Ofisi imeirudisha kwa wino mwekundu:
taja kitu kisichohama.

Sijajibu.